Baba Alipomkumbuka Charlotte

Wasomaji wetu wa Urambo na Tabora mnaijua habari ya Mnywa Sere, mtemi wa Unyanyembe, ambaye Waarabu walimng'oa kitini mwaka 1860. Alitangatanga akidai kiti chake mpaka alipouawa mwaka 1865. Habari za watu wa namna hiyo husimuliwa kwa vita. Ya wake na watoto hayasimuliwi sana. Basi leo tumtazame binti wa mdai kiti mwingine, huko Ulaya.

Charles Edward Stuart alidai kiti cha Uingereza, ambacho babu yake alikipoteza mwaka 1688. Jeshi lake lilishindwa Culloden, Uskoti, mwaka 1746, naye akakimbilia ng'ambo. Mwaka 1753 Clementina Walkinshaw, ambaye hakumwoa, alimzalia binti, Charlotte.

Baba huyo alikuwa mlevi, na alimpiga mama. Mwaka 1760 Clementina alimchukua mtoto, mwenye umri wa miaka sita, akatoroka naye mpaka kwenye nyumba ya watawa mjini Paris. Charles alikasirika, akakataa kuwapa hata senti. Waliishi kwa msaada wa babu ya mtoto, na alipofariki mwaka 1766, ndugu yake Charles, Kardinali Henry, aliendelea kuwasaidia, lakini aliupunguza msaada.

Charlotte alikua akimwandikia baba barua za kumsihi amtambue. Hakukubali. Tena alimkataza kuolewa. Mwishowe binti akawa na uhusiano wa siri na Ferdinand de Rohan, askofu mkuu, akazaa naye watoto watatu. Msomaji atamlaumu, nami simtetei. Ila nauliza, alibakiziwa njia gani?

Mwaka 1783 Charles alikuwa mgonjwa, mkewe amekwisha kumwacha, na mtoto mwingine hana. Ndipo alipomkumbuka Charlotte! Akamhalalisha, na mwaka 1784 akamwita Florence, Italia. Charlotte aliwaacha watoto kwa mama yake, mdogo akiwa bado mchanga, akaenda. Hakuthubutu kumwambia baba kwamba ana wajukuu.

Alimuuguza, akashika nyumba, akampunguzia pombe, akampatanisha na Kardinali Henry. Aliandika kwa mama yake. Barua zaidi ya mia moja zimehifadhiwa.

Baba alifariki Roma mwezi wa Januari 1788. Charlotte naye alikuwa mgonjwa wa saratani ya ini. Alifariki Bologna tarehe 17 Novemba 1789, mwenye umri wa miaka 36, bila kuwaona tena watoto wake.

Katika wosia alimwachia mama yake fedha. Kardinali, aliyekabidhiwa wosia huo, alizishikilia miaka miwili. Alizitoa baada ya bibi yule kutia sahihi kwamba yeye na wazao wake hawatadai kitu kingine chochote.