Ryansoro na Viti Viwili vya Seneti

Askari atokaye Ryansoro, avaapo sare ya taifa, haulizwi tena ni wa kilima gani. Kambini yeye ni askari wa Burundi nzima, kama vile polisi aliye katika lindo alivyo polisi wa kila raia. Hata hivyo kilima alichozaliwa hakikumsahau, wala yeye hajakisahau. Huko yako mashamba ya baba zake, na huko pia hutoka sauti iendayo mpaka katika nyumba ya kutunga sheria. Leo tumeona vema kueleza sauti hiyo ilianza vipi, ilinyamazishwa vipi, na imefika wapi; kwa maana habari hii inawagusa watu wa silaha kuliko wengi wao wanavyodhani.

Burundi ilipopata uhuru tarehe 1 Julai 1962, nchi ilikuwa na mikoa minane: Bubanza, Bujumbura, Bururi, Gitega, Muramvya, Muyinga, Ngozi na Ruyigi. Katiba ya kifalme ya mwaka huo iliweka mabaraza mawili, yaani Bunge la Taifa na Seneti. Mwaka 1965 Seneti iliongozwa na Joseph Bamina, ambaye mapema mwaka huo huo alikuwa Waziri Mkuu.

Uhai wa Seneti hiyo ulikuwa mfupi kama umande wa asubuhi. Mwezi wa Oktoba 1965, baadhi ya maofisa wa jeshi na wa jandarmeri walijaribu kuupindua utawala wa Mwami Mwambutsa wa Nne. Jaribio hilo lilishindwa, na baada yake kikafuata kisasi kikali. Bamina, Rais wa Seneti, aliuawa mwezi wa Desemba. Tarehe 8 Julai 1966 mwana wa Mwami, Charles Ndizeye, alimwondoa baba yake madarakani na kuisimamisha katiba; na tarehe 28 Novemba mwaka huo Kapteni Michel Micombero aliufuta ufalme wenyewe. Tangu hapo Seneti haikuonekana tena kwa muda wa miaka 36. Marais walibadilika, katiba zikaandikwa na kuandikwa upya, wala hapakuwa na mtu wa kuketi katika nyumba hiyo kwa jina la mkoa wa Gitega au wa Muyinga.

Tunayasema haya bila ya kuficha, kwa kuwa yapasa yasemwe mbele ya wale washikao bunduki. Nyumba ya wajumbe haina ngome wala mizinga. Ikivamiwa haina cha kujilinda nacho. Lakini kuisimamisha tena huchukua umri wa mtu mzima.

Vita vilivyozuka baada ya wanajeshi kumwua Rais Melchior Ndadaye, tarehe 21 Oktoba 1993, ndivyo vilivyowarudisha Warundi katika mazungumzo. Mapatano yaliyotiwa sahihi mjini Arusha tarehe 28 Agosti 2000 yaliifufua Seneti, na mwaka 2002 ikaanza kazi Seneti ya kipindi cha mpito. Kisha ikaja Katiba ya mwaka 2005, iliyopitishwa kwa kura ya maoni ya wananchi. Katiba hiyo iliufanya kila mkoa kuwa jimbo moja la uchaguzi wa Seneti lenye wajumbe wawili, mmoja Mhutu na mmoja Mtutsi, na viti vitatu vikawekwa kwa ajili ya Watwa. Marais wa zamani nao waliingia. Hivyo Kanali Jean-Baptiste Bagaza na Meja Pierre Buyoya, waliopata kutwaa dola kwa nguvu za jeshi, waliketi kama maseneta chini ya sheria waliyoitii pamoja na raia. Katiba ya mwaka 2018 iliviondoa viti hivyo vya marais wa zamani.

Na Ryansoro je? Raia hawapigi kura ya Seneti moja kwa moja. Wao huwachagua madiwani wa komini, na madiwani hao ndio huwachagua maseneta. Mkoa wa Gitega wa wakati ule ulikuwa na komini 11, Ryansoro ikiwa mojawapo, pamoja na Bugendana, Bukirasazi, Buraza, Giheta, Gishubi, Gitega, Itaba, Makebuko, Mutaho na Nyanrusange. Katika uchaguzi wa mwaka 2010 kila baraza la komini lilikuwa na viti 15. Kwa hesabu hiyo wapiga kura wa mkoa mzima walikuwa 165, na Ryansoro ilikuwa na kura 15 kati yao. Si nyingi, lakini aliyetaka useneta alijua kuwa hana budi kupanda vilima vya Ryansoro na kusikiliza.

Huenda askari akauliza, yote hayo yanamhusu nini yeye ambaye katiba inamkataza kujiunga na chama cha siasa. Jibu lake ni hili. Katiba ya mwaka 2005 iliikabidhi Seneti kazi ya kuidhinisha uteuzi wa wakuu wa vikosi vya ulinzi na usalama. Tena iliagiza kuwa katika vikosi hivyo pasiwe na kabila lenye zaidi ya asilimia 50, na ikaiachia Seneti iamue sharti hilo litadumu kwa muda gani. Kwa hiyo mizani iliyowawezesha waliokuwa maadui vitani kulala katika bweni moja na kula chungu kimoja, mwenye kuiangalia ni seneta. Basi askari asiyejiunga na chama hata hivyo ana haja ya mjumbe.

Sasa mipaka imebadilika. Sheria ya mwaka 2023 ilipunguza mikoa kutoka 18 hadi mitano: Buhumuza, Bujumbura, Burunga, Butanyerera na Gitega, na komini zikawa 42. Muyinga imeingia Buhumuza pamoja na Cankuzo na Ruyigi. Gitega imeunganishwa na Karusi, Muramvya na Mwaro. Uchaguzi wa Seneti wa mwezi wa Julai 2025 ulifanyika kwa mipaka hiyo mipya, na maseneta wa kuchaguliwa, ambao mwaka 2020 walikuwa 36, wakawa 10.

Hesabu yake ni nyepesi, bali maana yake ni nzito. Mikoa minne iliyounganishwa kuwa Gitega ilikuwa na maseneta wanane. Leo wamebaki wawili. Wapo waonao kuwa hivyo ni vema, kwamba mikoa michache hupunguza gharama, na mkoa mkubwa hupanga maendeleo kwa upana zaidi. Hoja hiyo ina uzito wake. Lakini wahenga walisema kuwa fimbo ya mbali haiui nyoka. Madiwani wa upande wa Ryansoro ni wachache zaidi sasa katika kundi kubwa la wapiga kura, na seneta anaweza kuchaguliwa pasipo kuvipanda vilima vyao hata mara moja.

Kwa maoni yetu, dawa ya umbali ni kujuana. Seneta wa jimbo kubwa yampasa atembee zaidi ya yule wa jimbo dogo, na raia yampasa alijue jina lake na amwulize kazi aliyoifanya. Nanyi, ndugu askari na polisi, siku ya kulinda masanduku ya kura, au mlango wa nyumba ile ya wajumbe, kumbukeni mwaka 1965. Mnacholinda hapo ni sauti ya vilima mlivyozaliwa, na ni mizani ya kambi mnamolala.