Piga 115: Lakini Ujue la Kusema!

Saa nane usiku, Horohoro. Dada wa jirani amejifungulia nyumbani na damu haikomi. Simu unayo mkononi. Je, utampigia nani?

Zamani ilikuwa hivi: unampigia muuguzi unayemfahamu, naye anamtafuta dereva, dereva anatafuta mafuta, ndugu wanachangishana nauli. Kumbe mama anayevuja damu nyingi anaweza kufa ndani ya saa mbili tu! Na kutoka Horohoro hadi Tanga mjini, kwenye hospitali ya mkoa ya Bombo, ni kilomita zipatazo 65.

Namba peke yake haiokoi mtu. Hapo ng'ambo ya mpaka, Kenya, namba 999 ya polisi ilikaa kimya karibu miaka 15 mpaka ikafufuliwa mwaka 2013. Lazima awepo mtu wa kupokea, tena anayejua kazi yake.

Nini kimebadilika?

Mpango wa m-mama ulianzia Kanda ya Ziwa, na kuanzia mwaka 2022 ukapanuliwa nchi nzima. Ni kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Kupiga 115 ni bure, usiku na mchana. Anayepokea amefundishwa: anauliza dalili, anaamua mgonjwa apelekwe wapi, anatafuta gari la wagonjwa. Kama liko mbali, anamwita dereva wa kawaida aliyesajiliwa, ambaye hulipwa na mpango kwa njia ya simu. Hakuna kuchangishana nauli.

Wewe fanya hivi

1. Tazama simu imeshika mtandao gani. Huku mpakani huweza kudaka wa Kenya, na hapo 115 ya kwetu hutaipata. Rudisha mtandao wa Tanzania.
2. Taja kijiji, kitongoji, na shule au msikiti ulio karibu.
3. Sema unachokiona: damu, kifafa, homa kali. Usifiche kwa aibu.
4. Usikate mpaka uambiwe, kisha iache simu wazi.

Haipokelewi? Piga tena, huku mwingine akikimbilia zahanati. Kesho yake mpeni taarifa mwenyekiti wa kijiji, mkitaja siku na saa. Mkinyamaza, nani atarekebisha?

Kumbuka: polisi ni 112, zimamoto 114. Usipige kwa utani, maana unaweza kumzibia njia mtu anayekufa.

Leo ukifika nyumbani, uliza: wangapi wanaijua 115?