Kuhara kwa Wana-kondoo Wachanga

Katika nyanda za juu za Kenya, kama vile Molo na Kinangop, kondoo hufugwa kwa wingi na usiku huwa wa baridi kali. Mwana-kondoo huweza kuamka mzima, akaanza kuhara adhuhuri, na kesho yake akawa amekwisha kufa. Mfugaji aliyemtunza mama yake kwa miezi mitano ya mimba huona taabu yake yote imepotea. Lakini wengi wao huweza kuokolewa, mradi mwenye kundi afahamu kwamba kinachowaua mara nyingi ni kupotewa na maji na chumvi za mwili.

Kwanza yafaa kutambua choo kisicho cha ugonjwa. Choo cha kwanza baada ya kuzaliwa ni cheusi chenye kunata. Mwana-kondoo akisha kunyonya, huwa cha manjano, laini kama uji mzito. Pengine choo hicho hukauka chini ya mkia na kuziba njia, mnyama akavimba tumbo na kujikamua bure. Dawa yake ni kitambaa na maji ya vuguvugu. Kisibanduliwe kwa nguvu, maana ngozi itachubuka.

Ugonjwa ni choo chepesi kama maji, chenye harufu mbaya au damu. Ili kupima hali ya mnyama, mfugaji huvuta kidogo ngozi ya shingo na kuiachilia. Ikirudi upesi, hali si mbaya sana. Ikikawia kurudi, macho yakiwa yameingia ndani na kinywa kikiwa baridi, hatari i karibu.

Mgonjwa atengwe na wenzake pamoja na mama yake, mahali pakavu na penye joto. Maji lita 1 yachemshwe, yapoe mpaka yawe vuguvugu, ndipo yatiwe sukari vijiko 6 vya chai na chumvi nusu kijiko, vyote vya kusawazishwa. Mwana-kondoo wa kilo 4 apewe kama mililita 200 kwa chupa ya kunyonyeshea, mara 3 au 4 kwa siku. Asiyeweza kuinua kichwa wala kumeza asinyweshwe kwa nguvu, kwani maji yataingia mapafuni. Huyo ni wa kupelekwa kwa daktari wa mifugo mara moja, na vivyo hivyo mwenye kuhara damu.

Wako wafugaji wanaomzuia mgonjwa asinyonye, wakidhani maziwa ndiyo yanayomharisha. Jambo hilo humwongezea udhaifu. Maziwa ni chakula chake, nayo maji ya chumvi na sukari hupewa kati ya nyakati za kunyonya. Wengine humpa dawa iliyobaki ya ng'ombe. Baadhi ya kuhara huletwa na virusi, ambavyo haviuawi na dawa za bakteria. Kwa hiyo dawa itolewe kwa shauri la daktari.

Kinga kubwa ni dang'a, yaani maziwa mazito ya kwanza, ambayo hubeba nguvu ya kupigana na maradhi. Utumbo huweza kuipokea nguvu hiyo kwa siku ya kwanza tu, na vizuri zaidi katika saa 6 za mwanzo. Mwana-kondoo wa kilo 4 huhitaji mililita 200 mapema, na kama mililita 800 kwa saa 24. Mama asipokuwa na maziwa, dang'a ya kondoo mwingine, mbuzi au ng'ombe asiye na ugonjwa hufaa. Kitovu kipakwe iodini, na majani ya kulalia yabadilishwe kila yanapolowa. Chanjo ya kuhara damu hupewa mama mwenye mimba, nayo kinga yake humfikia mtoto kwa njia ya dang'a. Daktari ndiye atakayesema wakati wake.

Mwisho, anayemhudumia mgonjwa aoshe mikono kwa sabuni, na watoto wasicheze naye, maana baadhi ya maradhi hayo huwapata watu pia.