Mkwaruzo Mdogo na Ugonjwa wa Soriasisi

Mtu akikwaruzwa na mwiba mguuni, baada ya siku chache alama hutoweka, akaisahau. Lakini yuko mwenziwe ambaye wiki mbili hivi baadaye, pale pale mwiba ulipopita, huchomoza mstari wa baka lililovimba, lenye magamba meupe. Huyo ana ugonjwa wa soriasisi.

Aliyelieleza jambo hili mwaka 1872 ni Heinrich Koebner, tabibu wa Kijerumani wa mji wa Breslau. Alikuwa na mgonjwa ambaye mabaka yalimtoka mahali alipoumwa na farasi, na hata juu ya michoro aliyochanjwa mwilini.

Sababu yake ni hii. Chembe hai za ngozi huzaliwa chini, zikapanda juu, zikafa na kupukutika. Safari hiyo kwa mwenye afya huchukua kadiri ya mwezi. Penye baka la soriasisi huchukua siku chache tu, nazo hufika juu hazijapevuka, zikarundikana zikawa magamba. Sasa, chembe zikijeruhiwa hupiga mbiu, na askari wa mwili walio katika damu huja mbio. Kwa watu wengine askari hao wakimaliza kazi hutulia. Kwa huyu hubakia, wakazichochea chembe zizidi kuzaana, nazo zikizidi huwaita askari wengine tena.

Hayo ndiyo yanipayo hofu nionapo mama amemshika mwanawe, anamsugua magamba kwa dodoki mpaka damu itoke, akidhani ni uchafu. Mwingine huchanjwa chale zitiwe dawa. Hata hijama, ambayo wengi wetu twaipenda kwa kuwa ni Sunna, madaktari wamepata kuona mabaka ya duara yakitokea pale pale vikombe vilipobandikwa. Si kila mgonjwa hupatwa na hali hii, walakini mwenye soriasisi na amwulize tabibu kabla ya kuumikwa.

Amma kumtenga mgonjwa, hilo halina msingi kabisa. Soriasisi haiambukizi, si kwa mkeka, si kwa kikombe, si kwa kupeana mkono. Mkwaruzo wake na uoshwe taratibu kwa maji safi, kucha zikatwe fupi, ngozi ipakwe mafuta yasiyo na manukato isikauke. Kisha apelekwe hospitali, kwani dawa za kuutuliza ugonjwa zipo, ijapokuwa ya kuung'oa moja kwa moja haijapatikana.