Simu Inapotazama Jani la Muhogo

Mkulima wa muhogo katika mwambao wa Tanzania mara nyingi huujua ugonjwa wa michirizi ya kahawia siku ya kung'oa. Shina limesimama vizuri na majani ya juu ni ya kijani, lakini akiumenya muhogo anakuta umeoza kwa mabaka makavu. Wanasayansi waliueleza ugonjwa huu tangu 1936, wakiwa Amani, Usambara. Virusi vyake huenezwa na inzi weupe, na pia na pingili tunazopeana majirani kwa nia njema.

Hapa akili unde imepata kazi ya maana. Nuru ni programu ya simu iliyotengenezwa na mradi wa PlantVillage wa Chuo Kikuu cha Penn State, Marekani, pamoja na taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA. Katika utafiti uliochapishwa 2017, picha 2,756 za majani zilipigwa mashambani Tanzania, na wataalamu wakazibainisha: hili lina ugonjwa wa batobato, hili michirizi, hili utitiri, hili zima. Kompyuta ikajifunza kwa picha hizo, ikafikia usahihi wa asilimia 93. Leo Nuru hufanya kazi hata pasipo intaneti, na hilo vijijini ni jambo kubwa.

Shambani, hata hivyo, jani lililoanza tu kuugua humchanganya kila mtu. Utafiti wa 2020 ulionyesha kuwa Nuru, ikipewa jani moja, ilipatia kwa asilimia 65. Maafisa ugani walipata kati ya 40 na 58, wakulima kati ya 18 na 31. Ilipoonyeshwa majani sita ya mmea mmoja, ikapanda hadi kati ya 74 na 88. Sababu ni mmea wenyewe: batobato hukunja majani machanga ya juu, ilhali michirizi huanza kwenye majani makuukuu ya chini. Anayejua kuinama na kufunua majani ya chini ndiye anayeipa simu macho.

Nami naona fahari kwamba chombo hiki kilifundishwa kwa mashamba yetu. Bila picha hizo kisingeona kitu.

Lakini virusi havina dawa ya kupuliza. Mmea uliougua hung'olewa na kuchomwa, na mkulima anahitaji pingili safi za mbegu stahimilivu, kama Kiroba, kabla mvua hazijaanza. Kumfikishia pingili hizo bado ni kazi ya bwana shamba, vituo vya utafiti na halmashauri, na kwa wakulima wengi ndiyo inayochelewa.