Miti ya Thika Machoni pa Wapenzi Wake: Maelezo juu ya Mchezo wa Televisheni wa Mwaka 1981

Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini mchezo mmoja wa televisheni, uliotengenezwa na Waingereza juu ya nchi ya Thika, umependwa kwa muda mrefu na watu ambao wengi wao hawajapata kuikanyaga Thika yenyewe. Yanakusudia pia kuonyesha kile ambacho msikilizaji ajuaye Kiswahili hukisikia katika hadithi hiyo, na ambacho mpenzi wake wa ng'ambo hukipita bila kukiona. Mchezo huo ni The Flame Trees of Thika, yaani ile miti ya Thika yenye maua mekundu kama moto. Ulionyeshwa Uingereza kuanzia Septemba 1981, na Marekani mwanzoni mwa 1982.

Msingi wake ni kitabu cha Elspeth Huxley kilichotolewa mwaka 1959, ambamo mwandishi anasimulia utoto wake. Huxley alizaliwa London mwaka 1907, akaletwa Kenya kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, wakati wazazi wake walipokuwa wakianza shamba la kahawa karibu na Thika. Kampuni ya Thames ilikigeuza kitabu hicho kuwa mchezo wa sehemu 7. Aliyeuandika kwa ajili ya televisheni ni John Hawkesworth, na mwongozaji alikuwa Roy Ward Baker. Hayley Mills alikuwa Tilly, mama. David Robb alikuwa Robin, baba. Na mtoto Elspeth aliigizwa na Holly Aird. Picha zilipigwa hapa Kenya.

Hadithi yenyewe si ndefu. Familia inasafiri kutoka Nairobi kwa mkokoteni wa ng'ombe hadi kwenye ardhi ambayo Robin ameinunua katika baa ya hoteli ya Norfolk. Wanajenga nyumba ya nyasi, wanapanda mibuni, wanapata majirani. Mke wa jirani anampenda mwanamume asiye wake. Kisha vita vya 1914 vinafika na kuwatawanya wote.

Wapenzi wa mchezo huu wanapenda nini hasa? Nilipokuwa nikisomea shahada ya pili ng'ambo, nilikutana na wengi wao. Nikitaja tu kwamba natoka kando ya barabara ya Thika, huulizwa papo hapo kama ile miti ingali inachanua. Kwa kuwasikiliza nimeona kwamba mapenzi yao yana sababu ya kifani, wala si ya kudharauliwa. Mtunzi amechagua jicho la mtoto. Mtoto huona kila kitu lakini haelewi kila kitu. Anayaona mapenzi ya siri ya watu wazima kama anavyomwona kinyonga, yaani kwa mshangao na bila hukumu. Mtazamaji, ambaye ni mtu mzima, hujaza mwenyewe yaliyoachwa, na kazi hiyo ya kujaza ndiyo inayompa utamu. Tena mchezo hauna haraka. Unaacha mvua inyeshe, unaacha mkokoteni ukwame. Katika televisheni ya leo hilo ni jambo adimu, nami nakiri bila haya kwamba sehemu ya kwanza imenipendeza kila nilipoitazama.

Lakini jicho la mtoto lina faida nyingine kwa mtunzi. Mtoto haulizi hati ya ardhi. Kwa mtoto, shamba lilikuwapo tu, likisubiri kulimwa. Historia inasema vingine. Sheria ya Ardhi ya 1902 ilikuwa imekwisha kuiwezesha serikali ya kikoloni kuwauzia na kuwakodishia walowezi ardhi, na ile ya 1915 ikarefusha muda wa kukodi hadi miaka 999. Kuanzia 1920 mfanyakazi Mwafrika alilazimika kubeba kipande. Na zao lile lile ambalo Njombo na wenzake wanalipanda kwa ajili ya Robin, wakulima wa nchi ya Wakikuyu walizuiwa kulipanda kwa faida yao wenyewe, na kwa sehemu kubwa kizuizi hicho hakikuondolewa hadi miaka ya 1950. Mpenzi wa mchezo hatayajua hayo kwa kuutazama tu. Simlaumu, hakuambiwa.

Sasa tuje kwenye lugha, ambako ndiko hasa tulikokusudia kufika. Kiswahili cha walowezi wa Kenya kilipata jina lake, Kisetla, na wanaisimu wamekichunguza, mmojawapo akiwa Anthony Vitale katika makala yake ya 1980. Ngeli zake zimeporomoka. Ukanushi wake hufanywa kwa neno moja, «hapana», likiwekwa mbele ya kitenzi: «mimi hapana jua». Wakati uliopita huonyeshwa kwa «kwisha». Mtu angeweza kusema kwamba hizo ni dalili za kawaida za lugha ya biashara na kazi, na angekuwa amesema kweli. Hata hivyo, tukiitazama misamiati yenyewe, tunaona jambo la pili. Vitenzi vingi ni vya amri: lete, ngoja, funga, ondoa. Neno «shauri», ambalo kwa Mswahili ni rai au ushauri, limekuwa ugomvi au usumbufu. Neno «bwana», ambalo mwambao hulitumia pia baina ya walio sawa, limekuwa mali ya mzungu peke yake. «Memsabu» limepitia Bara Hindi kabla ya kufika kwetu.

Chukueni neno «toto», ambalo wapenzi wa kitabu na mchezo huliona kuwa neno la huba. Katika Kiswahili fasaha, kuondoa kiambishi cha «mtoto» na kusema «toto» humkuza mtu huyo, na mara nyingi humfanya kuwa mkubwa wa kuchukiza au wa kuchekesha. Mlowezi hakukusudia hivyo. Aliliangusha tu lile «m» lililomshinda ulimi. Lakini sikio la Juma, mpishi Mswahili aliye katika hadithi, halikuweza kutosikia. Juma ndiye mtu wa pekee pale shambani ambaye Kiswahili ni chake, naye analazimika kupokea amri katika Kiswahili kilichovunjika kutoka kwa watu wanaojiona kuwa wamemletea ustaarabu. Kichekesho hicho kingetosha mchezo mwingine mzima, na wapenzi wengi hawajui kwamba kimo.

Isidhaniwe kwamba Kisetla kilitokana na kukosekana kwa mafunzo. Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa lugha sanifu mwaka 1928, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi mwaka 1930. Miaka 6 baadaye F. H. Le Breton alitoa kitabu cha Kiswahili cha bara kilichorahisishwa kwa ajili ya askari, mlowezi, mchimba madini, mfanyabiashara, na wake zao. Usanifu ulikuwa umekwisha kuanza, lakini mwenye shamba hakuuhitaji.

Yafaa pia kukumbuka mwaka wenyewe. Mwaka 1981, mchezo huu ulipotoka, Ngũgĩ wa Thiong'o alitoa Detained, kitabu cha kizuizini ambamo anaushambulia utamaduni wa walowezi. Na katika Machi 1982, majuma machache tu baada ya Wamarekani kuanza kuitazama Thika kwenye televisheni zao, serikali ya Kenya iliubomoa ukumbi wa Kamĩrĩthũ huko Limuru, ambako wakulima na wafanyakazi walikuwa wameigiza wenyewe habari za ardhi. Mchezo mmoja wa nchi hii ya kahawa ulihifadhiwa vizuri. Mwingine ulivunjwa jukwaa.

Hapa Kahawa Sukari, jirani na Chuo Kikuu cha Kenyatta, jina la zao limebaki huku nyumba zikizidi kuchukua nafasi ya mashamba yaliyokuwa kati yetu na Ruiru. Hoteli ya Blue Posts, iliyoanzishwa mwaka 1908 na kutajwa na Huxley, ingali ipo kati ya maporomoko ya Chania na Thika. Lakini mwenyeji wa Thika akiulizwa juu ya mti mashuhuri wa mji wake, aghalabu atautaja mugumo. Yasimuliwa kwamba Mugo wa Kibiro alitabiri kuwa utawala wa wageni utakwisha mti huo utakapoanguka, nao ukaanguka mwaka 1963. Hakuna kampuni ya televisheni iliyoufuata.

Iwapo siku moja mchezo huu utatiwa sauti za Kiswahili, mfasiri atakuwa na kazi ngumu kuliko inavyodhaniwa. Robin na Tilly wakizungumza wenyewe kwa wenyewe, wapewe Kiswahili fasaha, kwa kuwa Kiingereza chao ni fasaha. Je, wakimgeukia Juma? Hapo mfasiri itambidi awavunjie lugha midomoni mwao, katika sentensi inayofuata, na Juma awajibu kwa ufasaha.