Mwendo, Ufunguo na Hisia: Kufundisha Kusikiliza Muziki wa Piano

Miongoni mwa vipindi vinavyowatia hofu wanachuo waendapo kwenye mazoezi ya kufundisha, kipindi cha kusikiliza muziki hakikosekani. Mwanachuo hujiona hana piano, hajui kupiga ala yoyote, na muziki anaotaka kuutumia umetoka nchi za mbali. Katika makala hii tunakusudia kuonyesha kwamba kipindi hicho chaweza kufundishwa vema katika shule yoyote ya bonde la Kilombero, mradi mwalimu ajue kutenganisha mambo matatu: mwendo, ufunguo na hisia.

Tuanze na kosa tulilolishuhudia. Katika shule moja ya msingi isiyo mbali na Ifakara, mwanachuo aliwasikilizisha wanafunzi wa darasa la tano sehemu ya pili ya Sonata ya Mozart ya piano mbili, iitwayo K. 448. Kisha akauliza, "Muziki huu ni wa furaha au wa huzuni?" Binti mmoja akajibu, "Mwalimu, ni kama watu wanaoagana stesheni." Mwanachuo akasema, "Hapana. Ni wa furaha, kwa sababu uko katika meja." Binti yule hakunyosha mkono tena mpaka kengele ilipolia. Nasi wakufunzi tulikuwa na sehemu yetu katika kosa hilo, maana ndisi tuliomfundisha mwanachuo kwamba meja ni furaha na maina ni huzuni, tukaishia hapo.

Sonata hiyo ilitungwa mwaka 1781 huko Vienna, na Mozart aliipiga pamoja na mwanafunzi wake, Josepha Auernhammer. Radu Lupu wa Romania na Murray Perahia wa Marekani waliirekodi mwaka 1984, pamoja na Fantasia ya Schubert katika F maina, iliyotungwa mwaka 1828. Katika kazi ya Mozart kila mpigaji ana piano yake. Katika ile ya Schubert wapigaji wawili huketi mbele ya piano moja. Watoto wa bonde la mpunga hawana haja ya maelezo marefu juu ya jambo hili. Wamewaona mama zao wakitwanga kwa kupokezana, michi miwili katika kinu kimoja. Mmoja akiharakisha peke yake, michi hugongana. Wapiga piano wawili nao wamo katika sharti lilo hilo.

Mwendo ni wepesi au uzito wa mapigo. Gari moshi la TAZARA liondokapo stesheni ya Ifakara huanza polepole, kisha huongeza kasi. Magurudumu ni yale yale, mwendo ndio uliobadilika. Ili kuupima, wanafunzi wapige makofi kwa kufuata muziki, mwalimu ahesabu mapigo ya sekunde 15, kisha azidishe kwa 4. Hapo atapata mapigo ya dakika moja. Sehemu ya kwanza na ya tatu za Sonata huenda upesi. Ya pili huitwa Andante, neno la Kiitaliano lenye maana ya mwendo wa kutembea.

Ufunguo ni mahali ambapo wimbo umeweka makao yake. Kwa wale waliozoea sol-fa, wimbo wa meja hurejea na kutulia kwenye do, na ule wa maina hutulia kwenye la. Sehemu ya kwanza na ya tatu za Sonata ziko katika D meja, na ya pili iko katika G meja. Sehemu zote tatu, basi, ni za meja. Lakini ile ya katikati haisikiki kama nyingine. Schubert naye huanza na wimbo katika F maina, kisha baadaye huurudisha wimbo uo huo katika F meja. Wako wasikilizaji wanaoona kwamba hapo ndipo huzuni inapozidi. Hivyo basi, ufunguo peke yake hautoi hukumu.

Hisia ni matokeo ya mambo mengi yakutanapo: mwendo, ufunguo, nguvu ya sauti, na pia maisha ya msikilizaji mwenyewe. Kwa sababu hiyo mwendo hupimwa, ufunguo hutambuliwa, bali hisia huelezwa na kutetewa.

Katika kufundisha, tunashauri hatua zifuatazo. Kwanza, mwalimu achague wimbo ambao darasa linaujua, hata wa sangula. Uimbwe polepole, kisha upesi, bila kubadili sauti ya kuanzia. Pili, uimbwe kwa mwendo ule ule, lakini uanzie juu zaidi kidogo. Wanafunzi wakianza kupiga kelele badala ya kuimba, ufunguo umepanda mno, na ushushwe. Kila mara libadilishwe jambo moja tu, ili mtoto ajue ni lipi lililomgusa. Tatu, ndipo wasikilizwe wapiga piano, kwa dakika mbili au tatu tu, mara mbili. Mara ya kwanza wasikilize kimya. Mara ya pili wapige mapigo polepole kwa vidole.

Mwisho, mwalimu aulize, "Umesikia nini kilichokufanya uone hivyo?" Swali hili halimpi mtoto ruhusa ya kusema lolote bila sababu, humtaka arudi kwenye sauti na kutoa ushahidi. Kama binti yule wa darasa la tano angeulizwa hivyo, huenda angetaja mwendo wa taratibu, au jinsi piano moja inavyosema na nyingine kujibu, kama watu wawili wasiotaka kuachana. Jibu hilo lingekuwa somo kwa darasa zima, na kwa mwalimu wake pia.